Kutoboa tangi la kioo la samaki: ujue kwanza ni kioo gani

Tangu tuzungumzie ufugaji wa kambale hewani, wasikilizaji kadhaa wametuuliza swali linalofanana: tangi la kioo la kutotoleshea vifaranga linaweza kutobolewa ili lipitishe bomba, au ukilitoboa linapasuka? Linaweza kutobolewa, na mafundi vioo wanaifanya kazi hiyo kila siku. Lakini si kila kioo kinakubali, na ukikosea hapo hakuna gundi itakayokurudishia tangi.

Kwanza, tundu la nini? Wengi wetu hutoa maji kwenye tangi kwa mpira wa kunyonya, kama ule wa kuhamishia mafuta ya taa kwenye dumu. Mpira huo unafanya kazi vizuri mpaka siku utakapoingiza hewa. Umeme ukikatika usiku, pampu inasimama, maji yanashuka hadi mdomo wa mpira unabaki wazi, hewa inaingia. Umeme unaporudi alfajiri, pampu inaanza tena kupandisha maji kutoka tangi la chini, ila mpira haunyonyi tena. Tangi la juu linafurika, sakafu inalowa, vifaranga wanakwenda na maji. Mayai ya kambale yanaanguliwa ndani ya siku moja hadi moja na nusu hivi, maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30, kwa hiyo usiku mmoja wa namna hiyo unatosha kumaliza mzunguko mzima. Tundu halina haja ya kunyonywa. Maji yakifikia kimo chake yanatoka yenyewe, umeme uwe umekatika mara ngapi.

Sasa kioo chenyewe. Kuna kioo cha kawaida, cha madirisha ya nyumba, na kuna kile ambacho mafundi wanakiita tempa. Kioo cha tempa kimepashwa moto mkali kiwandani halafu kikapozwa ghafla, hivyo tabaka la nje limejibana na la ndani linavutika. Ndiyo maana kina nguvu. Ila biti ikishapenya lile tabaka la nje, nguvu yote iliyofungwa humo inaachiliwa kwa mpigo, na kioo kizima kinageuka chenga, kama dirisha la pembeni la gari linapovunjwa. Hakuna fundi hodari wala biti ya gharama inayoweza kuzuia hilo. Kioo cha tempa hakitobolewi baada ya kutoka kiwandani, basi.

Matangi ya dukani mara nyingi yana tempa kwenye kitako, na pande zake ni kioo cha kawaida, ingawa si yote. Tangi ulilogundishiwa na fundi wa madirisha kwa kawaida halina tempa, lakini muulize.

Kipo kipimo ambacho unaweza kukifanya kwa simu yako. Azima miwani ya jua ya polaroidi, ile inayokata mng'ao, wanayoipenda madereva. Washa simu ionyeshe ukurasa mweupe mtupu, vaa miwani, kisha izungushe simu taratibu mpaka skrini iwe giza. Bila kubadilisha mkao, iweke simu upande wa pili wa kioo na uitazame kupitia kioo hicho. Skrini ikibaki giza sawasawa, hicho ni kioo cha kawaida. Ukiona mabaka ya mwanga au michirizi ya rangi, hasa karibu na kingo, ni tempa, usikiguse. Na kama skrini haikutia giza tangu mwanzo hata ulipoizungusha, simu au miwani hiyo haifai kwa kipimo hiki. Tafuta nyingine, usibahatishe.

Kabla ya kununua biti, nunua konekta, ile ile inayofungwa kwenye simtanki. Watu wengi hukosea hapa kwa kudhani bomba la inchi moja linataka tundu la inchi moja. Kinachopita kwenye kioo ni mwili wa konekta wenye uzi, nao ni mnene kuliko bomba. Upime huo, kisha tafuta biti inayouzidi kidogo sana. Iwe biti ya mduara yenye unga wa almasi mdomoni, inayouzwa kwa kazi za vioo na marumaru. Biti ya ukuta itapasua kioo. Tundu nalo lisisogee ukingoni: kutoka pembe ya tundu hadi mwisho wa kioo, acha nafasi isiyopungua upana wa tundu lenyewe.

Laza tangi juu ya godoro au blanketi, upande wa kutobolewa ukiangalia juu. Bandika selotepu upande wa ndani, chini ya alama, ili kipande kisidondoke na kuvunja kioo cha chini. Zungushia alama kingo ndogo ya udongo wa mfinyanzi na ujaze maji humo. Maji yanapoza biti na kukamata vumbi la kioo, ambalo hulitaki machoni wala kifuani. Vaa miwani ya kazi. Drili ya betri ndiyo salama zaidi karibu na maji. Kama ni ya waya, waya usipite kwenye maji.

Zima ile nyundo ya drili na uende mwendo wa chini. Anza biti ikiwa imelala kidogo ichore mwezi mwandamo kwenye kioo, kisha isimamishe taratibu mpaka mduara ukamilike. Usikandamize, uzito wa drili karibu unatosha. Kioo cha milimita 6 kinaweza kukuchukua dakika tano hadi kumi. Ukikaribia kupenya, punguza mkono zaidi, maana hapo ndipo kingo zinapomeguka.

Wosha ya mpira ikae upande wa kichwa cha konekta, ndani ya tangi, na nati ije nje. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, acha. Spana ndefu imeshapasua vioo vilivyotobolewa vizuri kabisa. Jaza maji, liache tangi nje kwa siku nzima, upitishe karatasi kavu kuzunguka nati ukiangalia unyevu.

Bado kuna hesabu moja. Pampu ikizimika, maji ya juu yanashuka hadi kwenye mdomo wa tundu, na yanaweza pia kurudi kupitia bomba la pampu kama mdomo wake umezama. Tangi la sentimita 120 kwa 45 lina lita 5.4 katika kila sentimita moja ya kimo. Maji yakishuka sentimita nne, karibu lita 22 zinakwenda chini, na tangi la chini lazima liwe na nafasi hiyo wazi muda wote. Mdomo wa bomba la pampu uweke karibu kabisa na uso wa maji, na mdomo wa tundu ufunike kwa kipande cha chandarua chenye matundu madogo kuliko kifaranga, ukisafishe kila asubuhi kisizibe.