Fahamu: Kwa nini kwenda New York huchukua muda mrefu kuliko kurudi Nairobi

Tangu Oktoba 2018, shirika la Kenya Airways lilipoanza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, masafa yapatayo kilomita 11,850, wasafiri wengi wamestaajabu kuona kwamba kwenda huchukua takriban saa 15 ilhali kurudi huchukua 14. Sababu ni upepo: huko juu, yapata kilomita 10 kutoka ardhini, katika anga za kaskazini huvuma mikondo mikali itokayo magharibi kuelekea mashariki, ambayo aghalabu humkabili rubani usoni aendapo Marekani na kumsukuma mgongoni arudipo, kama kaskazi ilivyowaleta manahodha wa majahazi pwani yetu.

Wala masafa hayo hayapimwi kwa rula juu ya ramani bapa. Dunia ni tufe, na njia fupi kabisa ni tao lipindalo kaskazini, ijapokuwa marubani hulazimika kuliacha anga inapofungwa. Mathalani, Urusi ilipoyafungia anga yake mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo ilirefuka kutoka saa 9 na nusu hadi kama 13, dhiki isiyo ndogo kwa mwenye miguu mirefu.

Saa zote za tiketi ni za mji husika. Aondokaye Nairobi saa sita usiku hufika New York saa mbili asubuhi, akadhani amesafiri saa 8 tu. Basi, msomaji, ziongeze saa 7, au 8 majira ya baridi, ndipo utakapoujua muda halisi.