Kila Kitabu na Namna Yake ya Kusomwa: Mifano Kutoka Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Katika lugha ya Kikuyu liko neno moja, athomi, ambalo maana yake ni wasomaji. Mwanzoni mwa karne ya 20, wamisionari wa Kanisa la Scotland walipojenga Tumutumu karibu na Karatina, na mapadre wa Consolata kutoka Italia walipojenga Mathari karibu na mji wa Nyeri, neno hilo lilitumiwa kwa watu wote walioifuata dini mpya. Mtu aliyebatizwa aliitwa msomaji, kama ilivyokuwa huko Buganda pia. Jambo hili laonyesha kwamba tangu mwanzo kusoma hakukuwa kazi ya macho tu. Msomaji alijulikana kwa mavazi yake, kwa nyumba yake na kwa ahadi alizozitoa, na majirani walitazama kitabu kitamfanya nini.

Tangu siku hizo vitabu vya namna nyingi vimefika Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki na miji mingine iliyo chini ya Mlima Kenya, na kila namna imepokewa kwa njia yake. Yafaa njia hizo zielezwe, kwa sababu mtu asiyetambua tofauti kati ya namna moja ya kitabu na nyingine aweza kupotea, na pengine kuwapoteza wengine.

KITABU CHA DINI

Agano Jipya katika lugha ya Kikuyu lilitolewa mwaka 1926. Kitabu cha namna hii hakisomwi mara moja kikawekwa. Husomwa kwa sauti, hurudiwa, huwekwa moyoni, na kila neno lake hupimwa. Kwa hiyo neno moja tu laweza kuleta mambo makubwa.

Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 1929, misioni kadhaa zilipowataka Wakristo wao waikatae desturi ya kuwatahiri wasichana. Baadhi ya wasomaji walikifungua kitabu kile kile walichofundishwa na misioni, wakaonyesha kwamba humo mama yake Yesu ameitwa muiritu. Wafasiri walilichagua neno hilo kwa maana ya bikira. Lakini katika desturi ya Wakikuyu wa siku zile, muiritu ni msichana aliyekwisha kutahiriwa. Basi kila upande ulikuwa na kitabu kile kile mkononi, nao ulisoma jambo lake. Watu wengi waliyaacha makanisa na shule za misioni, na katika miaka iliyofuata shule za kujitegemea zilienea. Wafasiri waliliandika neno, lakini maana yake waliikuta kwa watu.

KITABU CHA KAZI

Namna ya pili ni kitabu kimfundishacho mtu kazi, kama vile kulima kahawa, kutunza ng'ombe wa maziwa, au kulea mtoto mchanga. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948, ilitoa vijitabu vingi vya namna hiyo katika Kiswahili na lugha nyingine za Afrika ya Mashariki.

Kitabu hiki hakimwombi msomaji aamini, humwomba ajaribu. Mkulima wa Othaya asomapo kwamba mikahawa ipogolewe namna fulani, hakai kuyastaajabia maneno. Huchukua mkasi, akakata mistari miwili tu, mingine akaiacha kama ilivyokuwa, kisha akangoja msimu. Mavuno yakizidi, kitabu kimesema kweli. Yakipungua, kitabu hurudishwa sandukuni. Hapa mwamuzi ni shamba, wala hapana haja ya ubishi.

KITABU CHA USHAHIDI

Namna ya tatu ni kitabu cha mtu aelezaye mambo aliyoyaona kwa macho yake. Mfano ulio mkubwa katika nchi ya Nyeri ni ule wa Bwana Gakaara wa Wanjau, aliyezaliwa upande wa Tumutumu mwaka 1921. Alikuwa mwandishi na mpiga chapa wa vitabu vya Kikuyu. Mwezi wa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukamatwa. Alikaa vizuizini miaka mingi, na kwa muda mmoja alikuwa kisiwani Manda karibu na Lamu. Huko aliandika kwa siri habari za kila siku, naye akayahifadhi maandishi yake. Yalipotolewa kuwa kitabu, mwaka 1983, yalipewa mwaka uliofuata Tuzo ya Noma, iliyokuwa heshima kubwa ya vitabu vilivyochapishwa Afrika. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1988.

Mtu asomaye ushahidi kama huu hufanya kazi kama ya mzee wa baraza. Huuliza: Shahidi alikuwako? Aliandika wakati ule ule, au baada ya miaka mingi? Na wengine waliokuwako wasemaje? Lakini kwa watu waliofungwa, na kwa watoto wa wale wasiorudi, liko jambo jingine. Wao hulitafuta jina la kambi, jina la mlinzi, au jina la baba. Mgeni aweza kuliona orodha tupu, na mwenyewe akaliona kaburi lililokosekana.

MISITU YA NYERI, VITABU VIWILI

Misitu iliyo karibu na Nyeri yaonyesha vizuri jinsi ushahidi unavyotofautiana. Bwana Jim Corbett, mwindaji mashuhuri kutoka Bara Hindi, alikaa Nyeri katika miaka yake ya mwisho, akafa huko mwaka 1955. Kitabu chake kidogo, Tree Tops, kilichotoka mwaka huo huo, kinaeleza usiku wa Februari 1952, Binti Elizabeth alipokuwa juu ya mti akitazama wanyama, na baba yake Mfalme George wa Sita akafariki Uingereza. Wageni wengi wamekuja Nyeri kwa ajili ya habari hiyo.

Mwaka 1967 kikatoka kitabu kingine, 'Mau Mau' General, cha Bwana Waruhiu Itote aliyeitwa Jenerali China. Yeye alizaliwa Mukurwe-ini, akawaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya mpaka alipokamatwa mwezi wa Januari 1954. Katika kitabu chake msitu si mahali pa kutazamia wanyama. Ni mahali pa njaa, baridi, viapo na vita. Nayo hoteli ile ya kwanza ya Treetops ilichomwa moto na wapiganaji mwaka 1954.

Mtu akisoma kitabu kimoja tu kati ya hivi viwili, ataijua misitu hiyo nusu. Si kwamba mwandishi mmoja ni mwongo. Kila mmoja alisimama mahali pake, na macho hayaoni yaliyo nyuma ya kisogo.

HADITHI YA KUBUNI

Namna ya nne ni hadithi iliyobuniwa. Bwana Ngugi wa Thiong'o wa Limuru, aliyefariki Marekani mwaka 2025, aliwekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka 1977. Huko Kamiti aliandika riwaya ya Kikuyu, Caitaani Mutharaba-ini, juu ya karatasi za chooni. Ilitolewa mwaka 1980. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba nakala 5,000 za kwanza ziliuzwa kwa muda wa mwezi mmoja, na kwamba kitabu kilisomwa kwa sauti nyumbani jioni, ndani ya matatu, na katika vilabu vya pombe. Mwenye kujua kusoma alisoma, na wasiojua wakasikiliza, wakacheka, wakabishana. Basi hadithi ikawa mali ya wote, kama zilivyokuwa hadithi za bibi kando ya moto.

Kitabu chake kilichofuata, Matigari, kilitoka mwaka 1986. Ndani yake mtu atokaye msituni anazunguka nchini akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Kwa masimulizi ya mwandishi, watu wa sehemu za kati za Kenya walimzungumza Matigari kana kwamba ni mtu aliye hai, hata polisi wakaamriwa wamtafute wamkamate. Ilipotambulikana kwamba ni mtu wa kitabuni tu, kitabu chenyewe ndicho kilichokamatwa: mwaka 1987 nakala zake ziliondolewa madukani.

Yako mafunzo mawili hapa. Wakulima waliomzungumza Matigari hawakupotea sana, kwa sababu swali lake lilikuwa swali lao. Aliyepotea ni yule aliyeisoma hadithi kama taarifa ya polisi, akamtafuta barabarani mtu asiyekuwako, na swali lenyewe asilijibu.

KITABU CHA KUCHEKESHA

Wako wanaodhani kwamba maandishi ya kuchekesha ni ya kupotezea wakati. Lakini Bwana Gakaara, pamoja na maandishi yake ya desturi na koo za Wakikuyu, aliandika pia hadithi za kuchekesha za Wa-Nduuta, na watu walizipenda. Baada yake akaja Bwana Wahome Mutahi, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1954 na kufariki mwaka 2003. Kila Jumapili gazeti lilileta habari za Whispers na jamaa yake, na mara nyingi baba mwenye nyumba ndiye aliyeaibika.

Msomaji hucheka kwanza, halafu hunyamaza, kwa kuwa amemwona jirani yake, na mwishoni amejiona mwenyewe. Bwana Mutahi alijua pia yasiyo ya kucheka. Alifungwa mwaka 1986, na riwaya yake Jail Bugs ya mwaka 1992 yahusu maisha ya jela. Kicheko kilikuwa njia ya kusema jambo ambalo likisemwa wazi lingemponza msemaji.

MSOMAJI AFANYEJE?

Penye wengi pana mengi, na ndivyo ilivyo kwa vitabu. Kabla ya kukikubali au kukikataa kitabu, yampasa msomaji akiulize ni cha namna gani. Cha dini atakisoma polepole pamoja na wenzake, akizichunguza maana za maneno. Cha kazi atakijaribu kwa mikono. Cha ushahidi atakilinganisha na cha shahidi mwingine. Katika hadithi atalitafuta swali lililomo, na katika kichekesho ataitafuta sura yake mwenyewe.

Shirika la Maktaba ya Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1965, na mjini Nyeri iko maktaba. Asiye na fedha za kununua vitabu viwili vya misitu ile aweza kuomba maktaba vyote viwili, akavisoma kwa zamu. Na nyumbani, kama yuko mzee aliyeziona siku zile, ni vema asomewe kwa sauti kisha aulizwe: Ndivyo ilivyokuwa? Wazee hao wanazidi kupungua kila mwaka, na jibu lao halimo katika kitabu chochote.