Kazi ya Kupandisha Kurasa: Vijana Wetu Wana Kesho Gani?

Ndugu wafanyakazi, katika mikutano yetu ya Jinja na Mbale wazazi wengi wanatuuliza jambo moja. Kijana amemaliza shule, kiwandani hakuna nafasi, anakesha na kompyuta mpaka alfajiri kwa kuwa bando la usiku ni rahisi, na mwisho wa mwezi analeta fedha nyumbani. Fedha hizo zinatoka wapi, na zitakuja mpaka lini? Tumewauliza vijana wenyewe, hasa wa mitaa ya kando ya mto Nabuyonga, na haya ndiyo tuliyoyaelewa.

Mtu akitaka kununua viatu au kujua dawa ya kikohozi, siku hizi huuliza Google. Google humpa orodha ya kurasa, na wengi hufungua zile za juu tu. Ukurasa ulio chini ni kama mama aliyepanga nyanya zake nyuma ya soko. Kwa hiyo wenye biashara hulipa watu wa kuzipandisha kurasa zao. Wenyewe huiita kazi hiyo SEO. Hutafuta maneno ambayo watu huyauliza sana, huandika makala yenye maneno hayo, na huomba tovuti nyingine ziweke kiungo cha kuelekea kwao. Tajiri yuko London au Chicago, wakala yuko Nairobi, na mwandishi yuko Mbale akilipwa kwa idadi ya maneno. Ni kazi ya kipande, na ninyi wa mashamba ya miwa mnaijua vizuri.

Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo, na ugomvi wake wa kila siku ni mizani. Lakini mizani ya chai inaonekana, na mchumaji anaweza kumwambia karani, pima tena. Mizani ya Google imefichwa. Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha kampuni hiyo mwaka 1998, walitilia mkazo kuhesabu ni kurasa ngapi zinaelekeza kwenye ukurasa fulani. Watu wakaanza kuuza viungo kama karanga. Mwaka 2011 Google ikabadilisha vipimo ili kuangusha makala za kulipua. Mwaka 2012 ikawageukia wanunuzi wa viungo. Machi 2024 ikatangaza mabadiliko mengine, ikisema inatarajia kupunguza makala hafifu kwa asilimia 40. Hatulaumu takataka kufagiliwa. Tunachosema ni kwamba mwandishi wa kipande hufagiliwa pamoja nazo, bila notisi wala malipo ya kuachishwa, naye aliandika kile alichoagizwa.

Sasa limekuja kubwa zaidi. Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika makala kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Wakala mwenye waandishi kumi akaona anaweza kubaki na mmoja wa kusahihisha. Kisha Mei 2024 Google yenyewe ilianza, huko Marekani, kuweka jibu lililotungwa na mashine juu ya orodha yote. Muulizaji akiridhika na jibu hilo, hafungui ukurasa wa mtu. Hata kuwa wa kwanza katika orodha si faida kama zamani.

Na mashine hiyo ilifundishwa na nani? Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliosoma maandishi machafu ili kuisafisha walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mwezi Mei mwaka huohuo watu wa Kericho walichoma moto mashine za kuchuma chai. Hatusemi walifanya vema, lakini angalau walijua mashine iko wapi. Hii ya vijana wetu haina shamba la kuiendea.

Je, kazi itakwisha? Yote hapana. Lakini ile ya kuandika makala mia moja juu ya viatu ambavyo mwandishi hajapata kuvishika, hiyo inakufa, na mzazi asiuze ng'ombe kumlipia mtoto kozi yake. Watabaki wanaojua kuifanya tovuti ifunguke upesi, wanaojua kusoma hesabu za wateja, na wenye habari za mahali. Nabuyonga ulipofurika mwishoni mwa Julai 2022 na kuua watu hapa Mbale, mashine haikuona maji. Waliyaona watu. Hata mashine hujibu kutokana na yale yaliyoandikwa na watu. Chama cha wakulima wa kahawa wa Mlima Elgon, au hoteli ya Jinja inayongoja wageni wa Nile, bado itahitaji mtu wa kuieleza kwa ukweli ili mteja wa mbali aipate. Lakini hiyo ni kazi ya wachache wenye ujuzi.

Hao wengine ndio wanaotutia wasiwasi. Ibara ya 40 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho, ila kijana wa kipande huambiwa kwamba yeye si mfanyakazi, ni mkandarasi. Huko Nairobi, tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 waliokuwa wakichuja maandishi na picha za Facebook, TikTok na ChatGPT walipiga kura ya kuunda chama chao. Kwetu bado wapo wanachama wanaosema kwamba asiyepita getini asubuhi si mwenzetu. Hatukubaliani nao.

Tunaomba kila mzazi amlete kijana wake katika mkutano ujao wa tawi. Aje na mambo matatu kwenye karatasi: jina la anayemlipa, bei ya maneno 1,000 mwaka 2022, na bei yake leo.