Unataka TV kubwa sebuleni? Nenda dukani na futi kamba, siyo pesa tu

Dukani, TV ya inchi 65 inaonekana ya kawaida tu. Imepangwa ukutani na nyingine kumi, dari liko juu, mteja amesimama mita nne nyuma, na video inayochezwa ni ya samaki wa rangi rangi, imetengenezwa makusudi kwa ajili ya kuuza TV.

Ikifika nyumbani ndo mambo yanageuka. Shokesi haitoshi, watoto wanakaa karibu mno na kioo, na mechi ya Simba na Yanga inayopita kwenye king'amuzi inaonekana ina ukungu. Pesa ya miezi kadhaa ya kujibana imeshatoka, na muuzaji harudishi.

Wengi wanakosea kwa sababu wanaanza na swali moja: "Kwa pesa hii napata inchi ngapi?" Swali la kwanza linatakiwa kuwa: "Nyumbani tunakaa umbali gani na TV?" Jibu lake halipo dukani. Lipo sebuleni, na linapatikana kwa futi kamba.

INCHI ZINAPIMWA WAPI?

Inchi za TV siyo upana. Zinapimwa kwa mshazari, kutoka kona ya chini ya kioo hadi kona ya juu ya upande wa pili, bila kuhesabu fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54.

Kwa hiyo kioo cha inchi 43 lazima kiwe na mshazari wa sentimita 109. Inchi 50 ni sentimita 127, inchi 55 ni karibu 140, inchi 65 ni 165, na inchi 75 ni karibu 190. Kuna TV zinazouzwa kwa kuhesabu na fremu, au boksi linaandikwa namba kubwa kuliko kioo chenyewe. Futi kamba inamaliza ubishi ndani ya sekunde kumi.

Jambo lingine: namba ikiongezeka kidogo, kioo kinaongezeka sana. Kutoka inchi 43 kwenda 55 ni nyongeza ya inchi 12 tu, lakini eneo la picha linaongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Inchi 65 ina eneo la picha mara nne ya inchi 32.

HESABU YA KOCHI

Pima kutoka macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi hadi pale kioo kitakapokuwa. Pima kwa sentimita. Gawanya kwa 4, utapata inchi zinazotosha kwa kuangalia kila siku. Gawanya kwa 3, utapata kikomo cha juu, kwa mtu anayependa filamu na ana picha safi ya 4K.

Chukua mfano wa familia iliyopanga vyumba viwili Mbagala. Sebule ina mita 3 kutoka ukuta hadi ukuta. Kochi limeegemea ukuta mmoja, macho ya aliyekaa yako kama sentimita 60 mbele ya ukuta huo. Shokesi upande wa pili inakula sentimita 20. Umbali unaobaki ni sentimita 220.

220 gawanya kwa 4 ni 55. Gawanya kwa 3 ni 73. Hapo mtu anaweza kusema inchi 65 inaingia vizuri kabisa. Lakini hesabu hiyo inadhani picha inayoingia ni nzuri, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

PICHA INATOKA WAPI?

TV haitengenezi picha, inaonyesha kile inachopewa. Kioo cha 4K kina pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8. Full HD ina 1920 kwa 1080, kama milioni 2. TV nyingi zinazoandikwa HD peke yake zina 1366 kwa 768, karibu milioni moja.

Sasa, chaneli nyingi za ving'amuzi hapa nchini hazirushi 4K. Zipo za HD, na zipo za ubora wa kawaida, SD, ambazo picha yake ni ndogo zaidi. Picha ndogo ikivutwa ijae kwenye kioo kikubwa, inatoka ukungu, nyuso zinapoteza umbo na namba za mgongoni hazisomeki.

Ndiyo maana ile TV ya zamani ya chogo ilionekana safi: kioo kilikuwa kidogo na picha ilikitosha. Ili chaneli ya SD ipendeze, mtu anahitaji kukaa karibu mara mbili ya umbali ule wa kugawanya kwa 4. Kwenye sebule ya mita 3 nafasi hiyo haipo.

Kwa hiyo kama nyumba inaangalia zaidi taarifa ya habari, tamthilia na mpira wa king'amuzi, kushuka hatua moja ya ukubwa mara nyingi kunaleta picha nzuri zaidi. Kama inaangalia YouTube na filamu za mtandaoni kwa intaneti ya nguvu, kupanda hatua moja kuna maana.

Na intaneti hiyo ipimwe pia. Netflix inashauri kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K, na inaweza kula hadi GB 7 kwa saa. Filamu ya saa mbili ni GB 14. Kwa anayetegemea bando la simu, 4K hiyo ataionja siku moja tu. HD inakula hadi GB 3 kwa saa, bado siyo kidogo.

STIKA YA "4K" ISOMWE VIZURI

"Bosi wangu, hii ni 4K, chukua, bei ya kutupa." Kabla ya kuchukua, soma kilichoandikwa. "4K" ni jambo moja, "4K support" ni jambo jingine. La pili mara nyingi lina maana kwamba TV inaweza kupokea video ya 4K, lakini kioo chenyewe ni cha chini ya hapo.

Njia ya kujiridhisha ni kuangalia namba ya modeli nyuma ya TV na kuitafuta kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Kama modeli haionekani popote, hilo nalo ni jibu. Njia nyingine ni kusogea karibu na kioo na kuangalia maandishi madogo kwenye menyu: kwenye 4K ya kweli kingo zake ni laini, kwenye HD ya inchi 50 na kuendelea utaona ngazi ngazi.

Kwa inchi 32, HD inatosha. Inchi 43 inataka angalau Full HD. Kuanzia inchi 50, ni bora iwe 4K, kwa sababu chini ya hapo pikseli zinaanza kuonekana kwa macho.

LED, QLED, OLED: TOFAUTI NI NINI?

LED na QLED zote ni vioo vya LCD vinavyomulikwa na taa kutoka nyuma. QLED ina tabaka la ziada linaloongeza rangi. OLED ni kitu kingine: kila pikseli inawaka na kuzima yenyewe, hivyo nyeusi inakuwa nyeusi kweli.

OLED ni tamu usiku, taa zikiwa zimezimwa. Lakini ni ghali, na nembo ya chaneli ikikaa sehemu moja kwa saa nyingi kila siku inaweza kuacha alama ya kudumu. Kwa sebule ambayo mlango uko wazi mchana kutwa na jua linaingia, LED au QLED yenye mwanga mkali inafaa zaidi.

Zipo pia za "double glass", zenye kioo kigumu cha ziada mbele. Wenye watoto wanazipenda, na sababu ipo: mpira au rimoti ikirushwa, kioo cha ndani kinapona. Ila kioo cha mbele kinaakisi kama kioo cha kujitazamia. Ikielekezwa dirishani, mchana utaona pazia lako kuliko mechi.

Usisahau kusimama pembeni. Sebule nyingi zina watu kwenye kochi, kwenye mkeka na mlangoni. Kuna vioo ambavyo rangi zinafifia mtu akikaa upande. Zungukia kulia na kushoto hapo hapo dukani uone.

NDANI YA TV KUNA NINI?

Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Tangu hapo antena peke yake haitoshi: TV iwe na kipokezi cha DVB-T2 ndani yake, au iunganishwe na king'amuzi. Kipokezi hicho hakifungui chaneli za kulipia, hizo bado zinahitaji king'amuzi chake na kifurushi.

Kwa "smart", usiamini picha za programu zilizochapwa kwenye boksi. Washa hotspot ya simu yako dukani, fungua YouTube na Netflix. Zipo TV zinazotumia Android isiyo na kibali cha Google, ambako Netflix inagoma au inaonyesha picha ya ubora wa chini hata kama kioo ni kizuri.

Hesabu matundu ya HDMI. King'amuzi kinachukua moja, gemu ya watoto moja, sabufa moja. Kwa sabufa ya kisasa tafuta tundu lililoandikwa ARC. TV nyembamba zina spika ndogo, sauti yake huwa haishibishi.

UMEME NA LUKU

TV ya LED ya inchi 55 inaweza kutumia kama wati 100, zaidi au pungufu kutegemea modeli na mwangaza. Ikiwaka saa 5 kwa siku ni nusu yuniti, yaani yuniti 15 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO wa kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi, TV peke yake imeshachukua moja ya tano. Kupunguza mwangaza wa kioo usiku kunapunguza matumizi hayo.

Kikubwa zaidi ni umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Gadi ya umeme ni sehemu ya bei ya TV, siyo anasa. Radi zikianza, chomoa waya wa umeme pamoja na waya wa antena au dishi, maana radi inapita hata huko.

KABLA YA KULIPA

TV ifunguliwe boksi na kuwashwa mbele yako. Pima mshazari. Weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, uangalie kama kuna nukta iliyokufa, mstari au doa. Jaribu rimoti na matundu yote.

Dai risiti ya EFD na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri, yenye namba ya TV yako. Uliza maneno haya: "Kioo kikipasuka, waranti inahusika?" Mara nyingi jibu ni hapana, na kubadilisha kioo kunaweza kukaribia bei ya TV mpya. Kwa bidhaa bandia, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani, na huko bila risiti huna pa kuanzia.

Njiani, TV isimame wima. Usiilaze kwenye buti la taksi wala kuiegemeza kwenye bajaji ikibanwa na goti. Vioo vingi vinapasukia safarini, na ufa unaonekana baada ya kuwasha.

Nyumbani, angalia miguu. TV kubwa nyingi zina miguu miwili, mmoja kila mwisho, kwa hiyo meza nyembamba haiwezi kuibeba. Kama kuna mtoto anayejifunza kusimama, ifungwe ukutani kwa braketi, maana TV iliyosimama pembeni ya meza ikivutwa inamwangukia.

TURUDI MBAGALA

Ile familia ya sebule ya mita 3 ilikuwa inaitamani inchi 65. Hesabu ya kochi inairuhusu. Lakini wanachoangalia ni king'amuzi, intaneti yao ni bando la simu, na nafasi kwenye shokesi ni sentimita 120.

Kioo cha inchi 55 kina upana wa karibu sentimita 122, hakiingii. Cha inchi 50 kina karibu 111, na fremu yake bado inabaki nafasi. Kwa sentimita 220 na picha ya king'amuzi, inchi 50 ya 4K ndiyo inayowafaa, na pesa inayobaki inanunua gadi, braketi na sabufa ndogo.

Muuzaji atasema, "Mama, ongeza kidogo tu uchukue kubwa." Mama mwenye futi kamba mkononi na vipimo vyake kwenye karatasi ana la kumjibu.