Mnyama wa Wati 450 Hapa Nduguti

Kuna dogo wa geto la jirani, kila akipita kijiweni swali ni lile lile: "Broo, ukishika mkwanja unachukua kadi gani?" Jibu analolitaka analijua. Simu yake imejaa picha za RTX 4090, mnyama mwenyewe, mrefu kama rula ya shule, mmoja tu anakula nafasi za kadi tatu ndani ya kompyuta. Mi namwambia vuta kiti kwanza, hili tunaliongea na LUKU ikiwa mezani.

Ishu yangu ni video za harusi. Nduguti ndiyo makao makuu ya Mkalama, wilaya changa iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, na hapa mambo yanafuata mavuno. Alizeti ikishauzwa, vitunguu vikishapanda lori, kitaa kinaanza kuoana. Send-off, harusi na kipaimara zinagongana wikiendi moja. Siku hizi kamera zinapiga 4K, na kamati inataka mzigo wake kabla bibi harusi hajazoea kwake. Hapo kadi ya grafiki ndiyo jembe langu, sina lingine.

Sasa tuziweke mbili pamoja. GTX 1050 Ti ilitoka Oktoba 2016 kwa dola 139. Ina viini 768 vya kupiga hesabu, kumbukumbu GB 4, na inakula wati 75. RTX 4090 ilitoka Oktoba 2022 kwa dola 1,599. Viini 16,384, kumbukumbu GB 24, wati 450. Ila namba inayonikamata mimi ni ya njia ya kupitisha data kati ya kumbukumbu na hivyo viini: ndogo inapitisha GB 112 kwa sekunde, kubwa GB 1,008. Mara tisa kamili. Chukua ile barabara ya kuja huku kutoka Iguguno, zilaze tisa ubavu kwa ubavu, malori yote yapite kwa mpigo. Hiyo ndiyo tofauti.

Mnyama namheshimu kiroho safi. Anayechonga katuni za 3D kwa Blender, GB 4 zinamkaba koo: mandhari ikishindwa kuingia kwenye kumbukumbu ya kadi, kazi inakuwa ya mateso au haifanyiki kabisa. Gemu nazo zina mpaka wake. GTA V kwa 1050 Ti inateleza fresh, maana waliotengeneza wenyewe walipendekeza GTX 660, kadi ya zamani zaidi. Cyberpunk 2077 ni habari nyingine: tangu 2023 inadai angalau GTX 1060 ya GB 6. Hapo kadi ya bei poa inaomba poo, na haina aibu kusema hivyo.

Noma inaanza ukishamleta mnyama nyumbani. Maboksi mengi tunayonunua huku ni mtumba, Dell OptiPlex na wenzake, yaliyomaliza utumishi kwenye maofisi ya Ulaya. Pawa saplai zake nyingi hazifiki hata wati 300. NVIDIA wanataka wati 850 kwa mfumo wenye 4090. Na ile nafasi ya kadi kwenye ubao mkuu inatoa wati 75 tu, basi. Ndiyo maana 1050 Ti za kawaida zinachomekwa zikaondoka, bila waya wa ziada. Kabla ya kununua angalia tu kama boksi lako ni jembamba, maana jembamba linataka kadi fupi.

Halafu LUKU. Kazi ya saa tano kwa siku, mwezi mzima, kadi ikiwa imekazwa: ndogo inakula uniti 11 na kidogo, kubwa inakula uniti 67 na nusu. Kundi la matumizi madogo linaishia uniti 75 kwa mwezi, ukivuka bei ya uniti inaruka zaidi ya mara mbili. Yaani kadi peke yake inakupeleka mlangoni, bado hujawasha skrini, taa, wala pasi ya bi mkubwa. Tuwe wakweli lakini: kwa kila wati, kadi mpya inapiga kazi nyingi kuliko ya zamani. Ukiwa na kazi ya kuijaza, inalipa. Ukicheza kwenye skrini ya Hz 60, picha mia mbili kwa sekunde zinazalishwa, 60 ndizo unazoziona, zilizobaki umezinunulia umeme bure.

Ila wana, kinachoniuma siyo mnyama. Ni wanaopigwa kwenye kadi za chini, huko ndiko mkwanja wa kitaa unakozama.

Chukua GT 1030. Jina moja, ndugu wawili. Wa GDDR5 anapitisha GB 48 kwa sekunde, wa DDR4 anapitisha GB 16.8. Kwenye boksi mpaka usome maandishi madogo. Na wote wawili hawana NVENC, ile sehemu ya chipu inayokandamiza video ukiwa unarenda. Nilikaa na 1030 msimu mzima sijui hilo. Prosesa inabeba zege peke yake, feni inalia usiku kucha, alfajiri umeme unakata mzigo ukiwa umebakiza kidogo, unaanza upya. 1050 Ti ina NVENC. Nilivyobadilisha nikaanza kulala.

Kuna mshkaji yeye alipigwa kinoma. Alifuata 1050 Ti mjini, akarudi nayo anachekelea. Video zinaganda, gemu zinaganda. Tukafungua GPU-Z, programu ya bure ambayo toka 2018 inatambua kadi feki za NVIDIA: jina la mbele 1050 Ti, chipu ya ndani ni ya enzi za GTS 450, mwaka 2010. Watu wanaifuta programu ya ndani (BIOS) ya kadi chakavu na kuiandikia jina jipya. Laki na ushee za vitunguu alivyolima mwenyewe zikaenda hivyo. Kwa hiyo ukienda dukani beba GPU-Z kwenye flashi, omba kadi ichomekwe mbele yako. Muuzaji akigoma, geuza.

Mimi nikipata mkwanja wa kupumua nachukua RTX 3060 ya GB 12. Inataka wati 170, kwa hiyo pawa saplai nanunua kwanza, kadi baadaye. Kwa 4K za harusi zile GB 12 zinanitosha sana.

Juzi dogo kaja na boksi lake la kwanza, kalipakata kwenye bodaboda kama mtoto mchanga. Tukalifungua, tukafuta vumbi kwa brashi ya rangi. Akawa anaongelea 4090 bado. Nikampa tochi ya simu, nikamwonyesha kibandiko kwenye pawa saplai. Akainama, akasoma kwa sauti: "Wati mia mbili sabini na tano." Akanyamaza, akaanza kutoa kwa vidole.