Mwendo Huzaa Joto
Wapo wanaoikimbiza prosesa ya kompyuta kupita mwendo uliowekwa na kiwanda. Mwaka 1998 Celeron 300A ya Intel, yenye megahezi 300, ilipata sifa kwa hilo: mapigo ya ubao mama yalipopandishwa kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa nyingi zilifika 450 bila taabu.

Lakini mwendo huzaa joto. Ukipandisha volti kwa asilimia 10, joto litokalo huzidi kwa asilimia 21 hivi, hata kabla hujaongeza mwendo.

Basi panda hatua kwa hatua, safisha feni, pima joto, kisha uijaribu kwa kazi nzito saa nyingi. Kompyuta inayozimika inakuonya; inayokosea hesabu kimya kimya huharibu picha na hati za familia. Weka nakala kwanza.