Kiharusi (4): Puto la shingoni, donge la kichwani

Katheta (mrija mwembamba) yenye puto ni kifaa cha kusaidia kuondoa donge la damu kwa mgonjwa wa kiharusi cha mshipa kuziba. Daktari huiingiza katika ateri ya kinena na kuisogeza hadi ateri ya karotidi, shingoni. Puto lililo karibu na ncha yake hujazwa maji ya chumvi yenye dawa inayoonekana kwenye eksirei, likazuia kwa muda damu inayopanda. Hapo stenti, yaani kimirija cha wavu wa waya kilichokwisha kulinasa donge, huvutwa nje, huku damu ikifyonzwa. Mkulima wa Shume, mkoani Tanga, hufanya vivyo hivyo: huziba mfereji juu kabla ya kuzoa tope chini, mkondo usije ukalisambaza. Vipande vya donge vikisambaa, huziba mishipa mingine ya ubongo.

Puto hili lilianzia mguuni. Thomas Fogarty, akiwa bado kijana msaidizi wa chumba cha upasuaji mjini Cincinnati, Marekani, aliona wagonjwa wa madonge ya mguuni wakipasuliwa kwa saa nyingi, kisha wengi wakikatwa mguu au kufa. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari alikata kidole kidogo cha glavu ya mpira, akakiambatisha kwenye katheta ya njia ya mkojo. Gundi ya kuvishikanisha haikuwepo, hivyo alivifunga kwa mafundo ya wavuvi wanaotengeneza chambo. Katheta ilipenyezwa hadi ng'ambo ya donge, puto likajazwa, kisha vyote vikavutwa pamoja. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1961, na taarifa ikachapishwa 1963. Mjini Moscow, Fedor Serbinenko aliyafikisha maputo kwenye mishipa ya ubongo, akachapisha kazi yake 1974. Vijana wa vyuo vya tiba wana la kujifunza hapa: uvumbuzi ulianza kwa mtu aliyekataa kuyazoea mateso ya wagonjwa, wala hakusubiri maabara ya kifahari.

Majaribio matano ya mwaka 2015 yalithibitisha faida ya kuondoa donge. Faida ya puto lenyewe ilitegemea zaidi kumbukumbu za hospitali, ambazo nyingi zililisifu. Ndipo mwaka 2024 jarida la Lancet likachapisha PROTECT-MT, jaribio la hospitali 28 za China na wagonjwa 329 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Lilisimamishwa mapema kwa sababu za usalama: waliotumiwa katheta yenye puto walipata nafuu hafifu kuliko wenzao wa katheta ya kawaida. Sifa, hata za mabingwa, hazitoshi kuwa ushahidi.

Nchini Tanzania, utafiti wa 2003 hadi 2006 ulikuta viharusi vipya 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na 315.9 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Umbali nao ni kikwazo: kutoka Shume hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300, na donge huondolewa vyema ndani ya saa 6 tangu dalili kuanza, au hadi 24 kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha za ubongo. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Kuanzia kwa mganga wa kienyeji ni kupoteza ubongo. Kabla ya hapo, kupima shinikizo la damu katika zahanati na kumeza dawa zake kila siku huzuia viharusi vingi kuliko puto lolote linavyoweza kutibu.